Barua ya Mwalimu ni Ushahidi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, zamani kijana wa Pwani aliyetaka elimu ya juu hakuwa na budi kusafiri mbali na kwao. Leo Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, vyote viwili vilivyopewa hati mwaka 2013, viko mlangoni petu. Hii ni neema, na kila neema ina hisabu yake.

Mwenye kuomba kusomea shahada ya pili au ya udaktari hutakiwa kuleta vyeti vyake, na maelezo ya yale anayokusudia kuyasoma, na mara nyingi barua mbili au tatu za watu waliomfundisha au waliofanya kazi naye. Barua hizi ndizo tutakazo kuzizungumza, kwani twaona wengi wetu wanazichukua kwa wepesi.

Kijana mmoja alimjia mwenzetu wa darasa hili, ambaye ni mwalimu, baada ya sala ya Isha. Akamwamkia kwa adabu, kisha akampa barua aliyokwisha kuiandika mwenyewe kwa jina la mwalimu, imebaki kutiwa sahihi tu. Ndani yake imesemwa kuwa kijana huyu alisomesha hisabati miaka mitatu. Mwalimu akamwambia, "Mwanangu, wewe ulisomesha nasi muhula mmoja." Kijana akajibu, "Ni kweli, Maalim, lakini wenzangu wote wafanya hivi. Nikisema kweli peke yangu, nitaachwa. Na mama amekwisha kuuza bangili zake kwa ajili ya karo."

Hatulicheki neno hili, kwani ni neno zito. Lakini na tuulize: barua ile ni kitu gani katika dini yetu? Ni ushahidi. Na Qur'ani imetutaka tutoe ushahidi wa haki hata ukituumiza sisi wenyewe na walio karibu nasi. Mtume (s.a.w.) aliutaja ushahidi wa uwongo pamoja na ushirikina na kuwaasi wazazi. Alikuwa ameegemea, akaketi kitako alipoufikia, akakariri onyo lake hata masahaba wakatamani anyamaze.

Wanazuoni wetu walilifahamu jambo hili. Ali bin al-Madini, mwalimu wa Imam Bukhari, aliulizwa juu ya baba yake mwenyewe katika upokezi wa Hadithi. Naye hakumficha, alisema kuwa baba yake ni dhaifu, kwa kuwa hilo lilikuwa ni jambo la dini. Hakukosa heima ya mzazi, alichunga amana.

Tena tutazame ni nani anayedhulumiwa. Nafasi za masomo haya ni chache. Anayeingia kwa uwongo huenda amemtoa yatima aliyesema kweli. Na siku uwongo utakapojulikana, barua nyingine itakayotoka kwa mwalimu yule haitasadikiwa, hata ikiwa ni ya kweli tupu. Hivyo mmoja hula, na walio nyuma yake wakalipa.

Wala lawama si ya vijana peke yao. Wako walimu waombwao barua, wakaziweka hata siku za maombi zikapita. Kuuficha ushahidi nako ni dhambi. Mwenye kukubali na aandike kwa wakati wake. Na asiyekuwa na jema la kusema na amwambie mwanafunzi mapema, apate kumtafuta mwingine.

Na wewe kijana, mwendee mwalimu wako miezi miwili kabla, si usiku wa mwisho. Mpelekee matokeo yako, umkumbushe kazi uliyoifanya, kisha umwachie kalamu yake.

Mwenzetu hakuitia sahihi barua ile. Alikaa na kijana, akamuuliza alifanya nini katika muhula ule mmoja. Ikadhihiri kuwa watoto saba waliokuwa wameshindwa na hisabati aliwakalisha kila alasiri bila ya ujira, na mwalimu aliyaona hayo kwa macho yake. Hayo ndiyo aliyoyaandika. Barua ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza, lakini hapana mtu mwingine duniani ambaye ingaliweza kuandikiwa.

Jibu la chuo halijafika bado, nasi hatujui litakuwaje. Riziki iko mkononi mwa Mola. Lililo letu ni kuomba kwa haki na kushuhudia kwa haki.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, awape wazazi wao subira, na azihifadhi ndimi zetu na kalamu zetu na uwongo. Amin.