Bibi Akiwa Amelala

Siku ya kwanza ya darasa la kuchora mwili, hapa London, niliangalia sakafu. Mwanamke wa makamo alivua joho lake akaketi mbele ya wanafunzi, na mimi niliyelelewa Mitundu, kusini mwa Itigi, ambako ukisikia kina mama wanaoga unageuza njia, nikachora vidole vya miguu saa nzima. Kilichonishangaza baadaye ni utaratibu, wala si uchi wake. Alikuwa na mkataba, alilipwa kwa saa, alipumzika kila baada ya dakika 20, hita iliwekwa upande alioutaka yeye, na simu zetu zote zilibaki mikobani. Alikuwa uchi, lakini hakuna aliyemwibia kitu.

Nilikuja kulikumbuka hilo Aprili, kwenye maonyesho ya wanafunzi. Nilipeleka mchoro wa mkaa niliouchora likizo nyumbani: Bibi amelala mkekani chini ya mwembe, siku chache baada ya malaria. Mdomo umeachama kidogo, kilemba kimemvuka. Nilimchora kwa dakika 40, naye hakujua. Mgeni mmoja akataka kuununua kwa pauni 300. Kodi yangu ya Mei ilikuwa bado.

Mwalimu wangu alisema jicho la msanii haliombi ruhusa. Ana hoja. Bibi ukimwambia unamchora hujipanga kama anayepigwa picha ya kitambulisho: mgongo wima, mikono magotini. Nilichokiona mchana ule, mwili uliochoka ukajiachia, hakiombeki, ukikiomba kinaondoka. Sasa kitu kinachopatikana kwa kutoombwa tu ni halali ya nani?

Nilimfikiria Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyesoma Slade hapa hapa London kati ya 1952 na 1955. Yeye aliendelea kuwachora watu wa kwao, mashambani na migombani. Mchoro wake wa 1956, wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ulinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960. Watazame watu wake: wengi ni wadogo, wako mbali, nyuso hazina undani. Wapo walioona huo ni upungufu wa ufundi. Mimi, nikiwa na pauni 300 mbele yangu, nilianza kuona adabu. Jirani yake angeweza kusimama mbele ya picha ile asione haya. (Pengine namvisha marehemu nia ambayo ni yangu.) Ila adabu hiyo nayo ina gharama: kijiji tunakiona, mtu hatumjui.

Jumapili nikapiga simu. Mama akamshikia Bibi simu sikioni.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Umekula?”

Nikamweleza yote. Bei hakuuliza.

“Nilikuwa nimefunga kilemba?”

“Hapana.”

“Na huyo anayenunua ataniweka wapi?”

“Sebuleni kwake, nadhani.”

“Jina langu analijua?”

“Hapana, Bibi.”

“Kwa hiyo wageni wake watakuja, watakunywa chai, na mimi nimelala.”

Nikajitetea kwamba mchoro ni mzuri, kwamba watu wanasimama mbele yake kwa muda mrefu. Akasema hata alipokuwa hoi kwa homa, wakwe walipokuja kumjulia hali, Mama alimfunga kilemba kwanza ndipo wakakaribishwa ndani. Hakunigombeza. Alilisema kama mtu anayekukumbusha mlango uko wapi.

Sikuuza. Lakini sijivuni, kwa sababu mchoro ule bado ndio bora kuliko yote niliyowahi kuchora, na ningemwomba ruhusa usingekuwepo. Nilipata nilichopata kwa kumvizia mgonjwa, na mkono wangu unajua hivyo kila ninapoutazama. Sijauchana pia. Nimeugeuza, unatazama ukuta.

Bibi ametoa sharti lake: nirudi msimu wa asali, nimchore akiwa macho, kwenye kiti, na kitenge atachagua mwenyewe. Najua utakuwa mchoro wa kitambulisho. Nimekubali.

Kodi ya Mei nilikopa kwa Mkongo ninayeishi naye. Ameshaniuliza mara mbili kile kinachotazama ukuta ni nini.