Nani Amhukumu Mwizi?



Twataka kusema juu ya jambo linalosemwa barazani kila siku na juu ya mimbari halitajwi: ya kuwa watu wetu wameanza kufurahi asikiapo mtu kuwa mwizi ameuawa pasi na kuhukumiwa.

Hatusemi wezi hawana madhara. Mfugaji aamkaye alfajiri akalikuta zizi li tupu amepotewa na karo ya wanawe na mahari ya kijana wake. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Maida, imewawekea wakata njia adhabu kali mno. Lakini wanachuoni wametufunza kuwa adhabu hiyo ni ya mwenye mamlaka baada ya kuthibiti ushahidi, si ya kila mwenye bunduki wala ya kila mwenye rungu.

Na sisi twafanya nini? Mwezi wa Aprili 2021 marafiki wanne walitoweka Kitengela, na miili ikaokotwa mbali, katika Murang'a na Kiambu. Ikasemwa kuwa baadhi yao walikuwa wakishukiwa wizi, na wengi waliposikia hivyo wakanyamaza, kana kwamba neno hilo ni hukumu. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo mabinamu wawili walidhaniwa wezi wa ng'ombe pande hizo hizo, wakauawa na kundi la watu. Hawakuwa wezi. Katika Sura ya Al-Hujurat tumeamrishwa kuichunguza khabari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga tukabaki na majuto. Yako wapi majuto ya waliowapiga vijana wale?

Wako wasemao kwamba mahkama ni nzito, na jambazi hutoa rushwa akatoka. Ni kweli hutokea. Lakini dawa hiyo imekwisha kujaribiwa katika nchi hii. Mwaka 2007 Mungiki waliandamwa kwa risasi, na mwaka 2009 mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, alikuja akachunguza, akaeleza kuwa ndani ya polisi vimo vikosi vya mauaji. Kundi halikwisha, kwani mwaka 2010 lilitajwa tena katika orodha ya makundi 33 yaliyopigwa marufuku. Waliokufa ni vijana wa mitaani. Waliowalipa wakati wa uchaguzi hawakuguswa. Mtume (S.A.W.) alikwisha kutuonya kuwa waliotutangulia waliangamia kwa kumwachilia mtukufu aibapo na kumwadhibu mnyonge.

Tena silaha hiyo haibaki kwa wezi. Tarehe 19 Agosti 2024 watu watatu, wawili wao ndugu, walichukuliwa Kitengela. Hawakuwa majambazi, walijulikana kwa mambo ya maandamano ya mwaka ule. Katiba yasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahkamani katika muda wa saa 24. Jaji Lawrence Mugambi alimwita kaimu mkuu wa polisi, Gilbert Masengeli, mara kwa mara, naye asije, hata tarehe 13 Septemba akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahkama. Tarehe 20 wale watatu wakaonekana wakiwa hai. Adhabu ile baadaye ilifutwa, lakini mwenye macho ameona: mahkama ile ile tuliyoiita nzito ndiyo iliyowadai watu wale kwa majina yao.

Limebaki moja, nalo ni letu wenyewe. Genge haliishi kwa panga. Laishi kwa mnunuzi. Ng'ombe wa wizi huchinjwa usiku na nyama yake huuzwa rahisi asubuhi, na kipuri cha gari la wizi kina dukani pa kuwekwa. Muuza nyama Mwislamu asiyeuliza mnyama alitoka kwa nani, hata akisema Bismillahi juu ya kisu chake, ale nini yeye na wanawe?

Wenye mabucha na maduka ya vipuri twawaomba waandike katika daftari jina la kila anayewauzia, na siku aliyouza. Na mtoto wa yeyote akichukuliwa, awe msikitini au awe mlevi, wazee watatu wafuatane na mzazi mpaka kituoni usiku ule ule, wadai aandikwe katika kitabu cha matukio, na wasiondoke mpaka wapewe nambari.