Mama Akikimbia Kipigo, Je, Amevunja Kiapo?

Mama mmoja alinijia baada ya Misa, leso imeshuka hadi kwenye nyusi ingawa jua lilikuwa kali. Swali lake lilikuwa moja tu: "Nikiondoka, nitakuwa nimevunja kiapo nilichoapa mbele ya Mungu?"

Sisi wazee wa jumuiya na wasimamizi wa ndoa tumezoea kulijibu haraka. "Vumilia, mama. Mvumilivu hula mbivu. Beba msalaba wako." Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo, na leo najuta. Kumuuguza mume aliyepooza ni msalaba. Ngumi si msalaba. Ni dhambi ya anayeirusha, na kumwacha aendelee kuirusha si kumpenda.

Siku ile kanisani waliahidi wote wawili kupendana na kuheshimiana. Basi aliyekivunja kiapo ni yule anayepiga. Kanisa linalijua hilo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inasema kwamba anayehatarisha vikubwa roho au mwili wa mwenzake au wa watoto anampa mwenzake sababu halali ya kutengana naye. Kwa kawaida Askofu ndiye hutoa idhini, lakini kama kungoja ni hatari, mwenye kuumizwa aweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko aliandika katika Amoris Laetitia kwamba kuna wakati kutengana ni wajibu. Kutengana huku si talaka. Kifungo cha ndoa kinabaki, na mama huyo hazuiwi Komunyo.

Lakini aondoke kwa busara. Asimtangazie mumewe, kwa maana saa ya kuondoka ndiyo mara nyingi huwa ya hatari zaidi. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na nauli viwekwe mapema kwa mtu msiri. (Si kwa shemeji!) Akiumizwa aende hospitali, aandikishe taarifa polisi na kuomba fomu ya P3 ijazwe na daktari. Kwa Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015, mahakama yaweza kumpa amri ya ulinzi, hata ya muda kabla mume hajasikizwa. Akina baba wanaopigwa nao inawahusu. Tena Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza mume au mke kumfukuza mwenzake katika nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama. Asiye na pesa za wakili awaendee FIDA.

Je, akisamehe? Kanuni ile ile yataka waliotengana warudiane sababu ikiisha. Sasa, imeisha lini? Waume wengi huja na wazee, machozi na kilo mbili za nyama. Hayo si ushahidi. Kusamehe aweza leo. Kurudi kwangoja mwenendo uliobadilika kwa miezi mingi, pombe ikiwa imeachwa na watu wengine wakiwa wameona.

Yule mama aliondoka siku ya Jumanne na watoto watatu. Jumamosi mumewe alibisha mlangoni kwangu, akaniuliza kwa upole yuko wapi. Sikumwambia. Nilimkaribisha aketi, tukaanza kuzungumza habari zake mwenyewe.