Mwalimu Akianguka, Somo Husimama?

Liko swali ambalo sisi walimu hatupendi kuulizwa: je, funzo jema hupoteza thamani yake pale mwenye kulifundisha anapolisaliti? Swali hilo limetanda katika hadithi moja ya picha ya Kijapani, ya aina iitwayo manga.

Hadithi hiyo ni Hyōryū Kyōshitsu, kazi ya Kazuo Umezu (1936–2024), iliyotolewa kwa mfululizo katika jarida la vijana kati ya mwaka 1972 na 1974. Shule ya msingi, pamoja na walimu na wanafunzi wake, inang'olewa ghafla na kutupwa katika wakati ujao, ambapo dunia imekwisha kuwa jangwa. Hakuna serikali, wala mzazi wa kukimbiliwa. Wa kwanza kushindwa ni watu wazima. Mletaji wa chakula cha shule anakiteka chakula hicho. Naye Wakahara, mwalimu aliyeaminiwa, anarukwa na akili, anawaua walimu wenziwe, kisha anawageukia wanafunzi.

Watoto nao, wakiongozwa na Shō wa darasa la sita, wanaunda nchi yao, wanateua mawaziri na kugawana kidogo walicho nacho.

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini ulimwengu ule wa mchanga haukuwa na funzo ila kunyang'anyana, na wako watoto waliojifunza hilo upesi. Kugawana na kushauriana walikuja nako kutoka nyumbani na darasani, pengine kutoka kinywani mwa Wakahara mwenyewe. Basi somo lilisimama ingawa mwalimu alianguka.

Je, hiyo ndiyo ruhusa ya sisi kuishi kinyume cha tufundishayo? La hasha! Somo lilibaki, lakini wanafunzi wengi hawakubaki. Usaliti wa watu wazima ulilipwa kwa roho za watoto, na waliosalia walilazimika kujilea wenyewe kabla ya umri wao.

Mwishoni mtoto mmoja mdogo anarudishwa katika zama zetu akiwa na daftari la Shō; wenziwe wanabaki kuijenga upya dunia waliyorithi ikiwa magofu. Daftari hilo limeandikiwa watu wazima. Yatupasa tulisome kama mwalimu asomavyo majibu ya mtihani, akijua kwamba anayepimwa humo si mwanafunzi peke yake.