Zamu ya Maji

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaa wa Sakina aliniomba skripti yangu. Ni mistari 40 ya Python ninayoiendesha ndani ya Blender, programu ya kuunda michoro ya 3D: inachagua miti yote ya mchezo wa kompyuta, inaipa majina kwa mpangilio, kisha inauhifadhi kila mmoja kwenye faili lake. Kazi ya mchana mzima inakwisha kabla chai haijapoa. Nilisita. Niliikeshea siku nyingi, na ninalipwa kwa sababu ya kasi hiyo.

Nimekulia Poli, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako maji hushuka mashambani kwa mifereji. Babu alishika zamu yake, ikiisha akaachia. Aliyeziba mfereji usiku alihesabiwa mwizi, hata kama ulipita katikati ya shamba lake. Na maji hupungua yakigawanywa, skripti haipungui. Basi anayeificha ana udhuru gani mbele za Mungu? Njaa, labda. Njaa si dhambi, na simlaumu msanii anayeuza jasho lake.

Ila Blender yenyewe sikuinunua. Mwaka 2002 watu walichanga euro 100,000 ili msimbo wake uwe huru kwa wote, mimi nikiwa bado nachunga mbuzi. Siwajui, siwezi kuwalipa. Ninayeweza kumlipa ni huyu wa Sakina.

Kule Poli, siku ya kusafisha mfereji, kila nyumba ilitoa mtu mwenye jembe. Kwa hiyo nimempa skripti kwa sharti moja: akikuta kosa, alirekebishe na kunirudishia skripti. Jana aliirudisha ikiwa na mistari 46.