Je, Uchovu wa Mwenye Kupunguza Dawa ni Uvivu?

Liko neno linalosemwa katika nyumba zetu, nasi twaliacha lipite bila kulipima. Tutwae mfano. Mtu alianguka na pikipiki katika njia ya Karatu, akavunjika mguu. Akapewa dawa kali za kutuliza maumivu, zilizo za jamaa ya afyuni, kama tramadoli au kodeini, akazimeza miezi mingi. Sasa mfupa umeunga, na daktari amemwagiza azipunguze kidogo kidogo hata aziache. Naye amelegea. Jembe lamshinda, asubuhi haamki, na siku za kupalilia maharage zimefika. Watu wa nyumbani wasema, "Amekwisha kupona, umebaki uvivu tu." Je, wasema kweli?

Sisi twasema, sivyo. Mwili uliozoea dawa hizo umejipanga kwa kuzitegemea. Zikipungua, usingizi hukatika, viungo huuma, jasho humtoka, miayo haimwishi, na moyo hufadhaika. Aliyekesha usiku atapata wapi nguvu mchana? Uchovu huo waweza kudumu majuma mengi, hata baada ya kidonge cha mwisho. Haukutoka katika nia mbaya, wala hauondoki kwa kukaripiwa.

Tutazame mashukio ya Ngorongoro. Toka ukingo hata sakafu ya kreta ni kama meta 600. Gari lishukapo, asiyejua hudhani halina kazi, maana mteremko walivuta. Kumbe dereva ametia gia ndogo, na injini yanguruma ikilizuia lisiporomoke. Ndivyo alivyo mwenye kupunguza dawa. Kwa macho amekaa kivulini tu. Ndani yake anazuia gari mchana na usiku.

Wako wasemao, "Kama ni mbaya, azitupe leo." Huo waonekana ushujaa, walakini ni kuruka kutoka ukingoni. Kwa mtu aliyezitumia mwaka mzima au zaidi, mwongozo wa mwaka 2022 wa taasisi ya Marekani ya kuzuia magonjwa washauri kupunguza sehemu moja ya kumi kwa mwezi, au polepole zaidi. Na mambo yakizidi, daktari aweza kumsimamisha hapo alipofika, apumue kwanza. Tena na ajihadhari: aliyekwisha kupunguza, akirudia kipimo cha zamani siku ya huzuni, pumzi yaweza kukatika akafa, kwa kuwa mwili umeacha mazoea yake.

Basi yampasa nini mgonjwa? Uchovu si dhambi, lakini si ruhusa ya kulala kutwa. Na apalilie mistari miwili asubuhi, si shamba zima. Na aote jua, ale, anywe maji, alale saa ile ile kila usiku. Kahawa yetu ya Karatu, ijapokuwa njema, aiache baada ya adhuhuri. Na pombe asiiguse kabisa, maana pamoja na dawa hizi yaweza kuua. Kulegea kukizidi, amwambie daktari, kwani huenda ni malaria au upungufu wa damu.

Tena tusichanganye mambo: mgonjwa wa saratani apewaye mofini ili afe bila mateso asihimizwe na mtu kuiacha. Kwake ni rehema.

Na sisi tulio wazima? Nabii Eliya alipochoka hata kutamani kufa, hakuhubiriwa kwanza. Aliachwa alale, akapewa mkate na maji, akalala tena, ndipo akaambiwa habari ya safari. Sisi twageuza utaratibu huo, twatanguliza maneno. Mwalimu aendaye kumzuru mgonjwa wa namna hii na achukue jembe, amalize mistari iliyobaki, kisha aketi naye waongee.

Mvivu huikimbia kazi. Mtu huyu yumo kazini, ila kazi yake haionekani. Si haki kumdai kazi mbili kwa siku moja.