Grisi ya Babu

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi niliwafundisha vijana wa chuo cha ualimu methali hii bila kujiuliza: je, chema kilichofichika, kisichoonwa na mtu, nacho chajiuza kwa nani? Swali hilo nililipata kwa babu yangu mzaa baba, ambaye sisi wajukuu tulimwita injinia, na ambaye siku moja nilimvua cheo hicho mbele ya wageni.

Babu alizaliwa hapa Mtendeli kabla ya reli ya kati kufika Kigoma mwaka 1914. Wengi wa rika lake walikwenda manamba, kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Yeye aliteremka Kigoma, akakuta meli inatolewa ziwani.

Ndugu msomaji, huenda habari za meli hiyo unazijua. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Ilisafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916, maadui zao walipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wao waliipaka mitambo grisi nzito. Meli ikalala chini ya Ziwa Tanganyika. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, walikuta injini na maboila bado vyafaa. Mwaka 1927 ilianza safari zake kwa jina la Liemba.

Kazi ya kwanza ya Babu ilikuwa kukwangua grisi ile. Baadaye akawekwa chumba cha injini kuwa mpaka grisi, na humo akakaa hadi nywele zilipoanza mvi. Alirudi nyumbani kabla ya Uhuru, hajui kusoma ila tarakimu za geji. Lakini mashine ya kusaga ilipogoma, aliitwa yeye. Bomba la maji la kijiji lilipokauka, aliitwa yeye. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, akafumba macho, akasikiliza kama daktari asikilizavyo kifua cha mgonjwa. Kisha husema, “Hapa,” na kweli huwa ni hapo.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni na cheti changu, nilipokuja likizo na walimu wenzangu wawili. Mmoja akamwuliza Babu kwa heshima, “Mzee, tunasikia ulikuwa injinia wa Liemba?” Kabla hajajibu, nikadakia nikicheka: “Injinia wapi! Babu alikuwa mpaka grisi tu.” Wageni wakacheka. Babu naye akatabasamu, akainuka kwenda kuangalia mbuzi.

Asubuhi yake aliniita. Alikuwa amepindua baiskeli yangu, magurudumu juu, anaipaka mnyororo mafuta. Alisema, “Mjukuu wangu, jana ulisema kweli. Nilikuwa mpaka grisi. Ila ulilitamka neno grisi kana kwamba ni kitu kidogo.” Kisha akanisimulia tena habari za mafundi wale wa Kijerumani. “Walikuwa wanashindwa vita,” alisema. “Walikuwa na haraka ya kukimbia. Nani angewalaumu kama wangepaka nusunusu? Lakini mimi nilikwangua mpaka kwenye pembe zisizofikika kwa mkono, na huko nako nilikuta wamepaka.”

Mimi, kwa ujuzi wangu wa darasani, nilimbishia. Nikasema hawakufanya hivyo kwa wema. Walitumaini kuirudia meli yao na kuipigania vita. Babu akafikiri kidogo. “Huenda,” akasema. “Lakini hawakurudi. Grisi yao haikujua hilo. Ililinda chuma kwa ajili ya Mwingereza, kisha kwa ajili yetu.”

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi uzeeni. Ni kweli kwamba nia hupima mtu, na sisemi kwamba kazi njema hutakasa nia mbaya. Lakini nia ni ya mwenye nia, nayo hufa naye. Kazi huachiwa watu ambao hakuwajua. Mwaka 1997 Liemba ilibeba wakimbizi maelfu kwa maelfu waliokuwa wanarejea kwao Kongo. Mama aliyevuka ziwa mtoto mgongoni hakuwa na habari za grisi ya mwaka 1916. Alihitaji tu kwamba iwe imepakwa.

Je, basi cheti si kitu? Hasha. Nimetumia umri wangu kuvitolea vijana vyeti, wala sioni aibu. Nchi isiyowasajili wahandisi wake itajengewa madaraja na waongo. Mhandisi, fundi sanifu na fundi mchundo wana kazi tofauti, na Babu mwenyewe asingethubutu kuchora ramani ya meli. Cheti chaeleza mtu amejua nini mbele ya msimamizi. Hakielezi atafanya nini msimamizi akiondoka.

Jambo hili liliniuma hasa nilipokuwa mkuu wa shule na mjumbe katika mambo ya chuo. Kijana mmoja alifeli mtihani wa nadharia mara mbili. Nilimtembelea katika mazoezi ya kufundisha, shule ya mbali, bila kumwarifu. Nikamkuta ameketi chini na watoto watatu wazito wa kusoma, wenzao wamekwisha kwenda nyumbani. Kanuni ilisema aondolewe. Nilitia sahihi. Hata leo naamini kanuni ilikuwa ya haki, na hata leo mkono wangu haujaisahau sahihi ile.

Babu alifariki mwaka 1995. Miaka yake miwili ya mwisho, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wameingia wilaya yetu ya Kibondo, alitengeneza baiskeli zao chini ya mwembe, za watu ambao kesho yake wangehamishwa asiwaone tena. Siku ya maziko walikuja wazee kadhaa nisiowajua, wakasimama nyuma kimya.

Niliombwa niandike maneno ya msalaba. Nilitaka kuandika injinia, nikaogopa kucheka kwangu kwa zamani kusije kukanirudia. Nikaandika jina lake na neno moja: fundi. Msamaha sikumwomba alipokuwa hai, na msalabani haukuwa na nafasi.

Msomaji wangu, kama unaye mzee aliyefanya kazi isiyo na jina kubwa, mwendee ungali na muda. Umwulize alipaka nini, na wapi palipokuwa hapafikiki kwa mkono.